Kinyozi wa Vita vya Watu

Mama yangu ndiye aliyemponza mdogo wangu, ingawa mpaka leo ukimwambia hivyo atakununia siku tatu. Hakwenda kituo cha polisi. Alikwenda studio ya picha, kukuza picha moja iwe kubwa kama meza, na nyuma yake kwenye foleni alikuwa amesimama mpelelezi aliyefuata picha zake za pasipoti. Mpelelezi akachungulia. Akaona kijana amesimama mbele ya hema, bunduki kifuani, nyuma yake askari saba waliovaa sare za nchi isiyo yetu. Akauliza kwa upole, "Mama, huyu ni nani?"

Mama hajawahi kuulizwa swali tamu kama hilo. Akamweleza yote: kwamba huyo ni mwanawe wa mwisho, kwamba amepigana vita vya ng'ambo miezi tisa, kwamba amewaangusha maadui wasio na idadi, na kwamba sasa amerudi na mtaa mzima unamwita Kamanda. Akampa jina kamili, namba ya nyumba, na saa ambazo mwanawe huwa yupo. Mpelelezi akaandika. Mama akadhani wanataka kumvalisha nishani, akamkumbusha asisahau jina la babu.

Sasa, nchi yetu ina sheria. Raia akijiunga na jeshi la nchi nyingine bila kibali cha serikali, au akilisaidia, anafungwa miaka kumi. Mama hakuijua sheria hiyo, na mimi sikuijua, na Kamanda mwenyewe alisomewa akiwa ameshafungwa pingu. Mama alipoisikia ile "miaka kumi" alikaa sakafuni palepale alipokuwa amesimama, na chai yake mkononi.

Niseme ukweli wa mambo, maana katika familia yetu ukweli hupewa mtu mmoja autunze, na mtu huyo ni mimi. Mimi ni fundi cherehani. Mdogo wangu ni kinyozi, na hajawahi kupiga hata mbu kwa hasira. Wakala mmoja alimwahidi kazi ya saluni ng'ambo. Akasaini mkataba wa kurasa kumi na mbili kwa lugha ambayo hata salamu yake haijui, akashuka kwenye ndege, akapewa buti na namba. Ilimchukua siku mbili kuelewa kwamba saluni yenyewe ni hema na wateja wenyewe ni askari. Alinyoa miezi tisa, kisha wakamrudisha nyumbani wao wenyewe, kwa tiketi yao, na haraka sana. Hilo peke yake lilipaswa kutushangaza.

Kwenye simu mama alikuwa akimuuliza, "Unafanya nini huko, mwanangu?" Naye, kwa aibu, alijibu, "Nipo vitani, mama." Si uongo, hata punda wa kubeba maji yupo vitani. Kisha akatuma ile picha. Mama akatia chumvi, majirani wakatia pilipili, na alipotua tu akakuta ameshakuwa Kamanda. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: mtoto wa watu akaanza kutembea kifua mbele, huku akichechemea kidogo, leo mguu wa kushoto, kesho wa kulia. Wateja wakajaa kwenye kibanda chake. Nani hataki kunyolewa na shujaa?

Basi akapata dhamana, na serikali ikampa wakili. Wakili alikuwa kijana aliyevaa koti lililomzidi mabega kwa inchi mbili. Alipokuja chumbani kwangu cha kushonea kuchukua maelezo nikashindwa kuvumilia, nikamwambia avue. Akakaa na shati lake kwenye kiti cha wateja, nami nikawa nafumua mabega ya koti huku tunaongea.

"Dada, nipe habari njema hata moja," akasema.

"Hakupigana. Alikuwa kinyozi."

Akaruka. Kisha akakaa tena taratibu, uso umesinyaa. "Sheria inasema *au kulisaidia*. Askari aliyenyolewa vizuri ni askari aliyesaidiwa. Mwendesha mashtaka hatashindwa kuliona hilo."

"Aliyenyolewa vizuri?" nikauliza. Sindano ikasimama mkononi. "Wakili, umewahi kumwona mdogo wangu akinyoa?"

Hajawahi. Nikamweleza, ingawa damu ni nzito kuliko maji. Mdogo wangu huanza upande wa kulia. Akimaliza, huona wa kushoto umezidi, akaupunguza. Kisha wa kulia nao unakuwa umezidi. Huenda hivyo, huku na huku, mpaka mstari wa paji la uso unapanda kichwani na kukaa upande, kama rafu iliyong'oka msumari mmoja. Zaidi ya hayo, ana tabia ya kuegemeza kidole gumba juu ya sikio la kulia la mteja, na anapokiondoa hushtuka kuona nywele zilizobaki chini yake, akazifyeka zote. Kila kichwa alichokigusa kina pengo hapo, duara, la ukubwa wa kifungo cha shati. Wanaume wa mtaa wetu wote wanavaa kofia. Hakuna aliyewahi kumwambia. Anawapokea kwa furaha, anawauliza habari za watoto, anawapigia simu wakiugua. Utamwambiaje mtu kama huyo?

Wakili akaitoa nakala ya picha kwenye faili, akaisogeza dirishani. Askari saba, wote vichwa wazi. Akahesabu kwa kidole mapengo saba.

"Dada," akasema polepole, "hawa hawakusaidiwa. Hawa wamehujumiwa."

Tukamwita mdogo wangu aje aeleze habari za bunduki. Akaja akichechemea.

"Bunduki ni ya mteja," akasema. "Yule pale pembeni, aliyefungwa taulo shingoni. Ni utaratibu wa kule: mteja anamkabidhi kinyozi bunduki kwanza, ndipo anapewa kioo ajitazame."

"Kwa nini?" wakili akauliza.

"Sijui, ni amri ya mkubwa wa kambi. Ilianza mwezi wangu wa pili."

Wakili akaziba uso kwa faili. Mimi nikakata uzi kwa meno ili nisicheke. Mdogo wangu alikuwa amesimama pale akitungoja, uso mweupe wa mtu asiye na hatia wala habari. Tukakubaliana, bila kumwambia, kwamba utetezi wetu ndio huo: kinyozi mbaya kiasi hiki hawezi kuhesabiwa kuwa amelisaidia jeshi la mtu yeyote.

Siku ya kesi mtaa mzima ulikuja. Zaidi ya hapo, wanaume ishirini na watatu walikuwa wamekwenda kunyolewa kwake siku ya kuamkia kesi, kumtia moyo. Walijua fika watatokaje, wakaenda. Wakajaa mabenchi ya nyuma na kofia zao, na hakimu alipoingia, askari wa mahakama akapaza sauti, "Kofia!" Zikavuliwa zote kwa pamoja. Hakimu, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kusomea, akainama kukaa, akatazama mabenchi, akaganda nusu ya njia. Kisha akakaa, akafungua faili.

Shahidi wa kwanza wa mashtaka alikuwa mama yangu. Naam, upande wa serikali ndio uliomwita, na mama alikuja amevaa gauni la harusi za watu, nililomshonea mwenyewe. Mwendesha mashtaka, bwana mrefu asiye na unywele hata mmoja, akamkaribisha kwa adabu.

"Mama, mwanao alipigana vitani?"

"Alipigana sana."

"Aliwaua wangapi?"

"Hayo ya wangapi ni ya nini? Andika wengi."

Mdogo wangu kizimbani akafumba macho. Mimi nilitamani nipewe uzi na sindano dakika mbili tu na mdomo wa mama yangu. Miaka kumi ipo mezani na yeye anaikaribisha kwa mikono miwili! Tulimsihi nyumbani, tukamlilia, akasema hawezi kumwaibisha mwanawe mbele za watu. Kwa akili yake, jela anatoka mtu, aibu haitoki.

Wakili wetu akasimama, koti limemkaa sawasawa. "Mama, mwanao anaogopa nini?"

"Haogopi chochote."

"Kuku?"

Mama akarekebisha kola ya gauni.

"Umeapa, mama."

"Yule alikuwa jogoo," mama akasema. "Na alikuwa mkubwa."

Watu wakacheka mpaka askari akagonga meza. Baada ya hapo wakili akaeleza habari za hema, taulo na mashine ya kunyolea, na mwendesha mashtaka hakubisha hata kidogo. Alitabasamu. "Mheshimiwa, nakubali kwamba mshtakiwa alikuwa kinyozi. Askari mwenye nywele machoni hawezi kulenga shabaha. Askari mchafu hana ari. Kinyozi, Mheshimiwa, ni silaha kama silaha nyingine. Alilisaidia jeshi la kigeni, na sheria haijali kama alisaidia kwa bunduki au kwa mashine ya nywele."

Hakimu akatikisa kichwa kukubali, akaandika. Ndipo wakili akaniita mimi.

Nikala kiapo. Akaniuliza kazi yangu, nikamjibu. Akaniuliza, kwa jicho la fundi aliyepima miili ya watu miaka kumi na tisa, kazi ya mshtakiwa naionaje. Nikageuka kumtazama mdogo wangu. Alikuwa ananitabasamia. Alikaa wima, akingoja dada yake amsifu mbele ya mahakama.

Nikayasema yote. Nikasema mstari unapanda upande. Nikasema habari za kidole gumba. Nikasema, "Mheshimiwa, mimi nikikata kitambaa vibaya naweka kiraka, na mteja haoni. Kichwa hakina kiraka." Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye tabasamu lilibaki usoni kidogo, kama mtu aliyesahau kulitoa, kisha likatoka. Niliona uchungu, lakini nikaona pia kwamba hakimu ameacha kuandika na ananisikiliza, nikaendelea.

Nilipomaliza nikarudi benchini kando ya mama, na mdogo wangu akasimama kizimbani bila kuulizwa.

"Mheshimiwa, napinga! Mimi ni kinyozi hodari! Wale askari walinishukuru. Wengine walikuwa wanalia!"

"Walilia?" hakimu akauliza.

"Kwa furaha, Mheshimiwa."

Mwendesha mashtaka akaruka kama aliyekaa juu ya pini. "Mshtakiwa amekiri! Naomba iandikwe!" Wakili wetu akashika kichwa. Mimi nilisema neno moja ambalo fundi wa nguo za heshima hapaswi kulisema mahakamani.

Hakimu akavua miwani. "Kijana, nisikilize vizuri, maana naona mwenzetu umepotea. Ukiwa kinyozi mbaya, unakwenda nyumbani. Ukiwa kinyozi mzuri, unakwenda jela miaka kumi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mheshimiwa."

"Haya. Wewe ni kinyozi wa namna gani?"

Alifikiri. Naapa aliona jela mbele yake. "Mzuri, Mheshimiwa," akasema.

Hakimu akashusha pumzi. Akaichukua picha, akaisogeza karibu na pua, kisha akainua macho kwenye mabenchi ya nyuma. "Ninyi mabwana," akasema, "geuzeni vichwa kushoto." Wakageuza. Mapengo ishirini na matatu yakamtazama. Akatazama picha, akatazama mabenchi, akarudi kwenye picha. Hata mwendesha mashtaka aligeuka kuangalia, na bila kujua akapapasa upara wake juu ya sikio.

"Kwa kuwa mshtakiwa anashikilia kwamba kazi yake ni nzuri," hakimu akasema, "mahakama itamtendea haki. Kama humu ndani yupo mtu aliyewahi kunyolewa na mshtakiwa akaridhika, asimame sasa hivi."

Mdogo wangu akageuka mzima mzima, mikono kwenye ukingo wa kizimba, akawatazama. Fundi baiskeli, ambaye amekuwa akinyolewa naye tangu wakiwa shule. Mwalimu mkuu. Muuza mkaa na wanawe wawili. Mmoja mmoja akawatazama, na mmoja mmoja wakainamisha macho kwenye kofia zao. Hakuna aliyesimama.

Kando yangu benchi likalia. Mama alikuwa anainuka. Alishafika nusu, mdomo wazi, mkono juu, tayari kudanganya chini ya kiapo kwa mara ya pili siku hiyohiyo. Nikamkamata gauni kiunoni nikamvuta chini, mshono ukafumuka hadi kwapani. Akakaa. Nilipoinua uso, mdogo wangu alikuwa ameona. Alimwona mama akisimama, na alimwona akikaa.

Hakimu akatoa hukumu palepale. Akasema bunduki ilikuwa ya mteja. Akasema mtu hawezi kujiunga na jeshi kwa kurasa kumi na mbili asizoweza kuzisoma, na anayetafutwa kwa kosa hilo ni yule wakala. "Ama kuhusu kusaidia," akasema, "kusaidia ni kumwacha mtu katika hali bora kuliko uliyomkuta nayo. Mahakama imechunguza ushahidi ulio kwenye picha na ushahidi ulio kwenye mabenchi, na haikuona hata mtu mmoja wa namna hiyo. Mshtakiwa yupo huru. Na ninyi vijana mnaopigiwa simu na mawakala, mwenzenu akinyolewa, zenu tieni maji."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi barabarani. Kofia zikarushwa juu. Wakili akanikumbatia, mwendesha mashtaka akampa mkono, mtaa ukambeba Kamanda mabegani ukamtoa nje ukiimba. Kwa sura yake ungedhani wanampeleka kuzikwa.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja uani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakuchechemea. Jua lilikuwa bado kali, majirani wapo sebuleni wanakula na kusimuliana habari za jogoo. Nikamfuata. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumfokea, mengi na mazuri, yakaisha yote.

"Dada," akasema bila kunitazama. "Wale watu. Walikaa ili nisifungwe, siyo?"

"Ndiyo."

"Wote ishirini na watatu?"

"Wote."

"Na kama ingekuwa hakuna jela, wangesimama?"

Nikaanza kusogeza majani ya uani kwa mguu. Siku hiyo nilikuwa nimeshasema ukweli wa kutosha mwaka mzima, ule uliobaki nikaubakiza.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Mama akatoka na kiti cha mbao, gauni limefumuka ubavuni, akakiweka katikati ya ua mbele ya mwanawe. Akakaa. Akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri, akakiweka mapajani.

"Mimi nilisimama," akasema. "Ni huyu dada yako aliyenivuta. Lakini kweli sikuwa na haki ya kusimama, maana hujawahi kuninyoa. Ninyoe."

"Mama, hapana."

"Mwaka mzima nawaambia watu unavyopiga risasi, na sijaiona hata moja. Sasa nataka kuwaambia kitu nilichokiona mwenyewe. Kalete mashine."

Akaileta. Akatoa ncha ya ulimi pembeni ya mdomo, akaanza upande wa kulia. Nywele nyeupe za mama zikawa zinaanguka begani. Akahamia kushoto. Akarudi kulia. Akasimama, akapima kwa jicho moja, akarudi kushoto. Niliuona mstari unapanda. Niliona kidole gumba kinatua juu ya sikio, nikauma kiganja changu nisiseme.

Alipomaliza mama akaomba kioo. Akajitazama mbele, akajigeuza, akapapasa lile pengo kwa ncha ya kidole, taratibu, muda mrefu.

"Safi," akasema. "Safi kabisa, mwanangu. Kichwa chepesi."

Mdogo wangu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu pingu. Kama alimwamini au hakumwamini sijui, lakini alicheka huku anajifuta macho kwa taulo, na mimi nikawa nalia wazi kama mtoto na wala sioni aibu kusema.

Mama akainuka, akakung'uta nywele begani, akakipangusa kiti kwa kiganja. Kisha akanigeukia. Nywele zangu nimezilea miaka sita, zinafika mabegani, na hakuna mkono wa kinyozi uliowahi kuzigusa.

"Haya, shahidi," akasema. "Zamu yako."

Nikakaa.